Siha ya Nyumbani: Ini na Khabari Ziandikwazo Katika Nyama Yake



Mara hii tumekusudia kueleza jambo linalowashughulisha watu katika majumba mengi, nalo ni maradhi ya ini, yale yakaayo na mtu miaka mingi. Tena tutaeleza jinsi matabibu wawezavyo kuchukua kipande kidogo mno cha nyama ya ini, wakakitazama kwa darubini, kisha wakasema: "Huyu hali yake yaelekea kubaya," au, "Huyu hana khofu kubwa."

Wapo wasikiao maneno hayo wakayakataa kabisa, kwa kuona kuwa kusema ya kesho ni kujitia katika mambo ya ghaibu. Na wapo wayaaminio kupita kiasi, hata mgonjwa akiambiwa neno moja tu hurejea nyumbani akajilaza, akaacha dawa na kungoja mauti. Makundi yote mawili hayakufahamu muradi wa matabibu. Yule wa kwanza hapimwi, na yule wa pili hatibiwi, na mwisho wao huwa mmoja. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa jambo hili lielezwe taratibu, tangu mwanzo wake.

KAZI YA INI

Ini limekaa upande wa kulia chini ya mbavu, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama kilo moja na nusu. Mfano wake ni forodha ya mji wa pwani. Damu itokayo matumboni, ikiwa imebeba kilichotoka katika chakula, haiendi moyoni moja kwa moja. Hupita kwanza katika ini kwa mshipa mkubwa ambao huleta kama robo tatu ya damu yote iingiayo humo. Ini hukagua kila kilicholetwa. Sukari iliyozidi huiweka akiba, sumu huivunja, na dawa tunazokunywa huzigeuza zipate kutoka mwilini. Tena ini hutengeneza nyongo ya kuyeyusha mafuta, na hutengeneza vile vitu ambavyo kwavyo damu huganda mtu ajikatapo kisu.

Kiungo hiki kina sifa mbili. Ya kwanza ni kwamba huweza kuota tena: kikikatwa sehemu, kilichosalia hukua. Ya pili ni kwamba huvumilia sana. Mtu aweza kuwa na ini linaloharibika miaka ishirini, naye analima, anauza duka lake, anacheza mpira, wala hasikii lolote. Sifa hii ya pili ndiyo iwadanganyayo watu. Macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika damu na akili kuchanganyikiwa ni dalili za mwisho, si za mwanzo. Mwenye kungoja aone manjano ndipo aende hospitali, amengoja mpaka nyumba imeshika moto hadi paa.

Sababu za maradhi hayo ni nyingi, lakini zilizo kubwa zahesabika. Kuna virusi vya homa ya ini aina ya B na aina ya C. Kuna ulevi. Kuna mafuta yanayojikusanya ndani ya ini kwa unene na kwa ugonjwa wa sukari, na sababu hii inazidi kila mwaka katika miji yetu. Kuna na kichocho cha tumbo, kiwapatacho watu wakaao kando ya maziwa kama Viktoria, ambacho mayai yake hunasa katika mishipa ya ini na kuleta makovu.

Katika hizo, kubwa kwetu ni homa ya ini ya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivyo ulimwenguni, na katika kila 100 miongoni mwao ni 13 tu waliokwisha kupimwa wakajijua. Waliosalia wamo majumbani, nasi tumo pamoja nao, na huenda mmoja wao ni msomaji wa ukurasa huu.

KOVU LINAVYOFANYIKA

Mtu ajikatapo mkono, kidonda hupona na hubaki kovu. Kovu moja halina neno. Lakini mkono ukikatwa kila siku mahali pale pale kwa miaka mingi, nyama yake itakuwa kovu tupu. Hivyo ndivyo yanavyokuwa mambo ya ini.

Katika mwaka wa 1876 mwanachuoni wa Kijerumani aliyeitwa Karl Wilhelm von Kupffer alipaka nyama ya ini kwa dawa yenye dhahabu, akaona ndani yake chembe zenye umbo la nyota. Ulipita muda mrefu kabla watu hawajajua kazi yake. Siku hizi yajulikana kuwa chembe hizo za nyota, ini likiwa salama, hukaa kimya na kuhifadhi akiba ya vitamini A. Ini likiumizwa, huamka. Huitupa akiba yao, hugeuka umbo, na huanza kusokota nyuzi ngumu ziitwazo kolajeni. Nyuzi hizo ndizo kovu. Kama maumivu ya ini yakiisha, nazo hutulia. Yakiendelea, huendelea kusokota bila ya kusita.

Ili wapate kusemezana kwa lugha moja, matabibu wameyagawa makovu hayo katika hatua. Mgawanyo utumikao sana ni ule uliotengenezwa na wanavyuoni wa Kifaransa katika miaka ya 1990, uitwao METAVIR. Hatua ya 0 ni ini lisilo na kovu. Hatua ya 1 ni kovu dogo kandokando ya njia za mishipa. Hatua ya 2 ni kuta chache zilizoanza kujengeka. Hatua ya 3 ni kuta nyingi. Na hatua ya 4 ndiyo iitwayo sirosisi: ini lote limekatwakatwa vipande vya duara vilivyozungukwa na kovu, mfano wa shamba moja lililogawanywa kwa kuta za mawe hata maji ya mfereji hayapiti. Hapo damu ya matumboni hukosa njia, hurudi nyuma, mishipa ya koo la chakula huvimba, na tumbo hujaa maji.

KIPANDE CHA NYAMA

Sasa yatakiwa kujua mgonjwa yuko hatua gani. Mwanachuoni wa Kijerumani, Paul Ehrlich, ndiye atajwaye kuwa wa kwanza kutoa nyama ya ini la mtu aliye hai kwa sindano, katika mwaka wa 1883. Lakini jambo hilo lilikuwa zito na la khatari mpaka tabibu wa Kitaliana, Giorgio Menghini, alipotangaza katika mwaka wa 1958 namna ya kulifanya kwa sindano nyembamba ikaayo ndani ya ini muda wa sekunde moja tu.

Namna yenyewe ni hivi. Kwanza damu ya mgonjwa hupimwa ijulikane kama yaganda vizuri. Kisha hulazwa chali, mkono wake wa kulia ukiwa chini ya kichwa. Mahali pa kuchomwa, kati ya mbavu, hutiwa dawa ya ganzi. Huambiwa azuie pumzi, sindano huingia na kutoka, na kazi imekwisha. Baadaye hulala kwa muda wa saa kadha akiangaliwa. Wengi huona maumivu kidogo ubavuni au begani. Kutokwa na damu nyingi ndani ya tumbo hutokea kwa mtu chini ya mmoja katika kila 100. Si jambo la mchezo, wala si jambo la kumfanya mtu atoroke wodini usiku.

Kinachotoka ni uzi wa nyama wenye urefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu. Yakadiriwa kuwa ni sehemu moja tu katika sehemu 50,000 za ini zima. Uzi huo hutiwa dawa usioze, huzamishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba kupita karatasi, kisha hupakwa rangi. Na hapa ndipo penye khabari yetu.

ALAMA ZISOMWAZO

Rangi mbalimbali huonyesha vitu mbalimbali. Ipo rangi nyekundu ishikayo kolajeni peke yake, hata kovu lote likang'ara kama nyuzi nyekundu katika kitambaa, na mashine ikaweza kupima ni sehemu gani katika 100 ya ile nyama iliyokuwa kovu. Ipo rangi iitwayo oseini, ambayo mwanachuoni wa Kijapani, Shikata, alionyesha na wenzake katika mwaka wa 1974 kuwa hushika vile vipande vya virusi vya B vilivyojazana ndani ya chembe za ini. Na ipo dawa ishikayo zile chembe za nyota zilizoamka, hata tabibu akaweza kujua kwamba kovu bado linajengwa au mafundi wake wamekwisha kutulia.

Swali kubwa limekuwa hili: katika alama hizo zote, ni ipi ielezayo mwisho wa mgonjwa kuliko nyenzake?

Kwa mrefu wa miaka, watu walidhani kuwa kitu cha kukhofiwa ni uvimbe na moto ulio ndani ya ini. Katika mwaka wa 2015 wanavyuoni walitangaza khabari za wagonjwa 619 wa Marekani, Ulaya na Thailand, ambao walikuwa na ini lenye mafuta na walikwisha kutolewa nyama zamani, kati ya mwaka wa 1975 na 2005. Waliwafuatia wakaona nani aliishi na nani alikufa, nani alihitaji kubadilishiwa ini na nani hakuhitaji. Walichokiona ni kuwa hatua ya kovu ndiyo iliyofungamana na mwisho wa mtu. Wingi wa mafuta na ukali wa uvimbe peke yake haukueleza jambo hilo. Basi kovu ndilo daftari la ini; limeandika madhara yote yaliyopita, na kwalo hukisiwa yajayo.

Lakini kovu nalo halisemi yote. Watu wawili waweza kuwa katika hatua moja ya sirosisi, mmoja akaishi miaka ishirini na wa pili akafa baada ya mitatu. Kwa nini? Hapo wanavyuoni wameingia ndani zaidi, wakatazama jeni, yaani zile amri zilizomo ndani ya kila chembe, na ni zipi zilizokuwa zikifanya kazi siku ile nyama ilipotolewa.

Katika mwaka wa 2008 Yujin Hoshida na wenzake walitangaza kazi yao juu ya wagonjwa 307 wa saratani ya ini, waliokatwa uvimbe katika nchi za Japani, Marekani na Ulaya. Nyama zao zilikuwa zimewekwa katika nta kwenye makabati ya hospitali, nyingine kwa zaidi ya miaka 24, nazo zilisomeka bado. Mtu angetazamia kwamba saratani yenyewe ndiyo ingalieleza nani ataishi. Haikuwa hivyo. Iliyoeleza ni ile nyama ya kando, isiyokuwa na saratani. Humo walipata mkusanyiko wa jeni 186 ambao mwenendo wake ulipambanua walioishi sana na walioishi kidogo.

Sababu yake yafahamika kwa mkulima yeyote. Ukiling'oa gugu moja, usitazame gugu ulilolitupa. Tazama udongo ulioliotesha. Kama udongo umejaa mbegu, magugu mengine yatakuja. Ini lililoharibika lote ni udongo wa namna hiyo, na saratani ya pili aghlabu huota mahali pengine papya katika ini lile lile.

Katika mwaka wa 2013 wakatangaza tena kazi nyingine, juu ya wagonjwa 216 wenye sirosisi ya mwanzo iliyoletwa na homa ya ini ya C, waliofuatiwa kwa kiasi cha miaka kumi. Kwa zile jeni 186 waliwagawa mafungu matatu: 60 wenye alama njema, 101 wa katikati, na 55 wenye alama mbaya. Wale wenye alama mbaya walikuwa na khatari ya kufa iliyokaribia mara tatu. Ikumbukwe kuwa siku walipotolewa nyama, wote hao walionekana kuwa katika hali moja. Kipimo hicho cha jeni hakijawa cha kila siku katika hospitali, lakini kimeonyesha njia.

Tutaje na alama moja zaidi inayotuhusu sana sisi wala mahindi na karanga. Nafaka ikihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu tuiitayo sumukuvu. Nchini Kenya, katika mwaka wa 2004, sumu hiyo iliwapata watu 317 waliojulikana, wakafa 125. Hao waliila nyingi kwa mara moja. Mwenye kuila kidogo kidogo miaka mingi haanguki, lakini ini lake hudhurika. Katika mwaka wa 1991 makundi mawili ya wanavyuoni, moja likitazama saratani za ini za Uchina na jingine za nchi za kusini mwa Afrika, yaliona kosa moja lililojikariri mahali pamoja katika jeni moja. Sumukuvu ilikuwa imeacha alama ya kidole chake katika nyama, kama mwizi aachavyo alama ya kidole juu ya kasha. Na mwenye virusi vya B aliyekula sumukuvu, khatari yake huzidi sana kuliko mwenye moja tu.

JE, HUKU NI KUJUA GHAIBU?

Sasa turejee katika lile swali tulilolitaja mwanzo.

Nahodha atazamapo mawingu ya kusini na kuuona upepo umegeuka, akasema, "Leo tusitweke tanga," hakuna mtu amwambiaye kuwa amedai kujua ghaibu. Ameona dalili, na ameishi baharini miaka mingi akiona nini hufuata dalili hiyo. Aweza kukosea, naye ajua kuwa aweza kukosea. Tabibu naye ni hivyo hivyo. Asomapo kipande cha nyama, hasemi, "Fulani bin Fulani atakufa siku fulani." Asema, "Katika watu 100 walioonekana na alama hii, wengi kadha walifikwa na jambo hili kwa muda wa miaka kadha." Wewe umo katika hao 100, lakini ni yupi katika wao, hilo halimo katika nyama, wala halimo katika darubini. Lipo kwa Mwenyezi Mungu.

Basi mgonjwa aambiwapo kuwa alama zake si njema, asifahamu kuwa amehukumiwa. Ameonywa. Nahodha hatoi khabari ya tufani ili watu wa chomboni wakae walie; aitoa ili watu wafunge mizigo na watafute bandari. Faida ya kujua mapema ni kupata wakati wa kutenda.

Na watu wa nyumbani wana wajibu wao. Imekuwa desturi kwa baadhi ya familia kumficha mgonjwa khabari zake, wakazungumza na daktari mlangoni kwa sauti ndogo. Nia yao ni huruma. Lakini asiyejua kuwa ini lake lina makovu atakunywa kila dawa apewayo, hatarudi hospitali siku aliyoagizwa, na wala hatawapeleka wanawe kupimwa. Ni bora aambiwe kwa upole, na mtu ampendaye akiwa ameketi ubavuni pake.

KOVU LAWEZA KURUDI NYUMA

Zamani matabibu walifundishwa kuwa sirosisi ikisha kuingia haitoki. Leo neno hilo limepunguzwa nguvu, na lililolipunguza ni zile zile nyama.

Katika mwaka wa 2013 zilitangazwa khabari za wagonjwa 348 wa homa ya ini ya B waliotolewa nyama mara mbili, mara ya kwanza kabla ya dawa na mara ya pili baada ya kutumia kwa miaka mitano dawa iitwayo tenofovir. Katika hao walikuwamo 96 waliokuwa na sirosisi siku ya kwanza. Baada ya miaka mitano, 71 miongoni mwao hawakuwa nayo tena. Virusi vilipozuiwa, ini likapata nafasi ya kula kovu lake lenyewe. Dawa hiyo ni kidonge kimoja kwa siku, nayo ni miongoni mwa dawa zitumiwazo pia kwa UKIMWI, kwa hiyo imeenea katika nchi zetu. Ama homa ya ini ya C, hiyo siku hizi huponyeshwa kabisa kwa vidonge vya majuma 8 hadi 12, kwa zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.

Wapo 25 katika wale 96 ambao sirosisi yao haikuondoka. Hatuwasahau hao, nasi hatumwahidi mtu yeyote kwamba atakuwa katika wale 71. Lakini kati ya kungoja mauti na kumeza kidonge, mwenye akili ajua lipi la kufanya.

PASIPO SINDANO

Msomaji atauliza: je, kila mwenye homa ya ini lazima achomwe sindano ubavuni? La. Uzi ule wa nyama ni sehemu moja katika 50,000, na pengine hutoka mahali palipo pazuri kuliko kwingine, au hutoka mfupi mno. Tena wasomaji wa darubini ni wachache. Kwa sababu hizo watu wamebuni vipimo vyepesi, wakavipima kwa kuvilinganisha na nyama, na vilivyokubaliana nayo vikachukuliwa.

Kimoja chaitwa APRI, kilichotangazwa katika mwaka wa 2003. Chahitaji vitu viwili vya damu: kimeng'enya kiitwacho AST, ambacho humwagika katika damu chembe za ini zivunjikapo, na hesabu ya chembe sahani zigandishazo damu, ambazo hupungua ini lijaapo kovu na wengu kuvimba. Tuchukue mfano. AST ya mtu ni 80, na mwisho wa kawaida katika maabara ile ni 40. Gawanya 80 kwa 40, utapata 2. Chembe sahani zake ni 160, kwa hesabu ya elfu. Gawanya 2 kwa 160, kisha zidisha kwa 100, utapata 1.25. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2024 juu ya homa ya ini ya B, Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa kwa mtu mzima, kipimo kikizidi 0.5 ni dalili ya kovu la kutosha kuanzishiwa dawa, na kikizidi 1 huenda ikawa ni sirosisi. Hesabu hii huweza kufanywa na kijana wa skuli, lakini hukumu yake aachiwe daktari, kwani AST hupanda kwa sababu nyingine pia.

Kingine ni mashine iliyotoka Ufaransa, iliyotangazwa katika mwaka wa 2003, ambayo hugonga ubavu kwa nje kidogo kidogo na kupima ugumu wa ini kwa mwendo wa wimbi lipitalo ndani yake. Ini laini hupitisha wimbi polepole, na ini lenye kovu hulipitisha upesi. Hakuna sindano, hakuna damu, na jibu hupatikana papo hapo.

Vipimo hivi vyatosha kwa watu wengi. Sindano hubakia kwa yule ambaye vipimo vyake vyapingana, au sababu ya ugonjwa wake haijajulikana.

YATUPASAYO MAJUMBANI

Tumalize kwa mambo ya kutenda, kwani elimu isiyotendewa kazi ni mzigo.

La kwanza, mtoto mchanga. Mtoto aambukizwaye virusi vya B wakati wa kuzaliwa, hubaki navyo maisha katika hali 90 au zaidi katika kila 100. Mtu mzima aambukizwaye, aghlabu huviondoa mwenyewe. Kwa hiyo mama mjamzito na apimwe, na mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa panapopatikana, kisha zifuate zile za kawaida za kliniki. Wakubwa ambao hawakuchanjwa wapimwe, na wasiokuwa na ugonjwa wachanjwe.

La pili, nyembe na visu. Virusi vya B hupita katika damu hata iliyo kidogo isiyoonekana. Kisu cha tohara kitumiwacho kwa watoto wengi bila ya kuchemshwa sawasawa, wembe wa kupiga chuku upitao mgongo huu na ule, sindano na wembe wa kinyozi, vyote hivi ni milango. Kila mtu na wembe wake mpya, na uliotumika utupwe.

La tatu, ndoa. Wachumba wapimwe kabla ya kufunga ndoa. Akionekana mmoja anavyo, si lazima posa ivunjwe. Mwenzake huchanjwa, wakangoja chanjo ikamilike, kisha wakaoana kwa amani.

La nne, na hili twalisisitiza: sahani na kikombe. Yapo majumba ambayo kijana akisha kujulikana kuwa ana homa ya ini ya B, hutengewa sahani yake, hutengewa kikombe chake, na hula peke yake pembeni siku ambayo ndugu zake wamekizunguka sinia kimoja. Virusi hivi havipiti katika chakula, wala maji, wala kupeana mikono, wala kukumbatiana. Kumtenga hakumkingi mtu yeyote, bali humfundisha kuficha, na wengine wenye kuona hayo hukataa kupimwa. Arudishwe siniani.

La tano, tunavyokula na kunywa. Ulevi hukata ini lililo zima, sembuse lenye kovu. Nafaka ianikwe ikauke vizuri na iwekwe mahali pasipo unyevu, na mahindi au karanga zenye ukungu zisipewe watu wala kuku. Dawa za maumivu zisipitishwe kiasi, na dawa za miti zisinywewe na mwenye ini bovu pasipo daktari kujua, maana kila kinachomezwa hupita katika forodha ile ile.

Ndugu msomaji, kama uko katika wale wasiopimwa, usingoje ini lako liseme, kwani si tabia yake kusema mapema. Nenda ukapimwe juma hili, nawe uende pamoja na wa nyumbani kwako. Ukionekana u salama, shukuru na uchanjwe. Ukionekana una alama, umeijua mapema, na wakati uliobakia waweza kuutumia.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe sote siha njema.

Wassalaam.